Piga kwa Mkia, Linda Rejeta

Juzi saa saba usiku nimechukua ubingwa wa daraja la kwanza kwenye Destruction Derby. Ndiyo, lile gemu la magari ya kubondana la mwaka 1995. Nilisimama peke yangu sebuleni, mikono juu, nyumba nzima imelala, hakuna wa kunipongeza. Asubuhi nikakuta ujumbe wa msomaji: "Kaka, mbona gari yangu inazima kila mara kabla mbio hazijafika hata nusu? Nifanyeje?"

Ndugu yangu, unagonga kwa pua. Acha.

Sikucheki, maana mimi mwenyewe nimegonga kwa pua miaka na miaka. Gemu hili walilitengeneza Reflections wa Uingereza, wale wale waliokuja kutoa Driver mwaka 1999, na kilichotushika wengi wakati ule ni kwamba gari linaharibika kweli, si mikwaruzo ya urembo. Ukibondwa mbele katikati, rejeta inayopoza injini inaumia, mvuke unaanza kufuka kwenye boneti, injini inachemka mpaka inakufa. Ukibondwa mbele pembeni, gari linaanza kuvuta upande mmoja. Wewe unakata kulia, lenyewe linataka kushoto. Nyuma ndiko kwenye uvumilivu. Hata wanaoshindana kubomoana kwa magari halisi uwanjani wanajua: unamfuata adui kwa rivasi, yeye anakula bampa lako la nyuma, rejeta yako iko salama.

Hilo nilifundishwa na kaka yangu, ingawa hakukusudia kunifundisha chochote. Tulikuwa tunapokezana pedi ya kuchezea. Kwenye The Bowl, ule uwanja wa mviringo ambao hakuna mbio, ni kugongana tu hadi abaki mmoja, mimi nilikuwa naingia kama nyati: gesi mwisho, pua mbele, bum! Sekunde chache baadaye natoa mvuke. Yeye anazunguka pembeni, anapanga mkia, anarudi rivasi polepole, anagonga, anaondoka. Nilimwita "dereva wa rivasi" nikidhani namtukana. Dereva wa rivasi alikuwa akibaki uwanjani hadi mwisho, na mimi nakodoa macho.

Halafu kuna suala la kadi ya kuhifadhia gemu. Ligi ina magari 20, madaraja manne, madereva watano kila daraja. Anayeongoza anapanda, wa mwisho anashuka. Nilitumia likizo nzima kutoka daraja la nne hadi la pili. Likizo nzima! Memori kadi ya PlayStation ina nafasi 15 tu, na siku moja kaka akaikuta imejaa, akataka kuhifadhi gemu lake la mpira. Akafuta ligi yangu. Nilipomuuliza alisema, "Si gemu tu?" Mpaka leo hajaomba radhi, na mpaka leo sijasahau. Kwa hiyo ushauri wa pili: uwe na kadi yako, na usimwonyeshe mtu ulikoiweka.

Utaniuliza, sawa, kwenye mbio nitarudije rivasi? Kweli, huwezi. Hapo unatumia bega. Kwenye Wreckin' Racing, yaani mbio za kubondana za gemu hili, pointi zinapatikana kwa nafasi unayomaliza na pia kwa kuwazungusha wenzako, na mtu akizunguka duara zima unalipwa zaidi kuliko akizunguka nusu. Mngoje aingie kona. Matairi yake ya nyuma yanapoanza kuteleza, mguse kwa pembe ya gari lako karibu na gurudumu la nyuma. Mguse, usimgonge. Atazunguka mwenyewe kama pia, na wewe umepita. Nilipoelewa tofauti ya kugusa na kugonga nilipata pointi nyingi katika mbio moja kuliko nilizokuwa nikipata kwa wiki.

Na kona ya kwanza, tafadhali, punguza mwendo. Magari yote yanaingia pale kwa pamoja, yanarundikana. Waache wabondane, wewe pita kando na rejeta yako nzima. Najua mnataka kuua kila mtu mapema. Watu hawana subira siku hizi, wanataka kuonekana wakali, wanamaliza nguvu mwanzoni, kisha wanalia gari limezima. Nani alikutuma? Linda rejeta. Nasema tena, linda rejeta, mengine yote yatakuja.

Ule usiku wa juzi nilimaliza mbio za mwisho gari likivuta kushoto vibaya sana, nimeng'ang'ania pedi mpaka kidole gumba kimekufa ganzi, lakini boneti haikutoa hata tone la mvuke. Nikapiga picha ya skrini, msimamo wote unaonekana, jina langu juu, nikamtumia kaka.

Amejibu mchana. Neno moja: "Rivasi?"

Sijamjibu bado.