Mbona Iago hana pepo?

SWALI: Mwalimu habari. Mimi ni fundi wa simu hapa Luthuli, jioni kazi ikipungua nasoma vitabu vya kitambo. Nimemaliza Macbeth na Othello, michezo ya Shakespeare. Macbeth nimemwelewa, wale wachawi watatu ndio walimharibu. Lakini huyu Iago, msaidizi wa Othello aliyemponza bosi wake, sasa? Hakuna jini, hakuna mchawi, na ndiye mbaya kuliko wote. Mke wangu anasema lazima alikuwa na pepo. Ni kweli?
Fundi, Nairobi

JIBU: Ndugu fundi, mimi naona hata hao wachawi unawalaumu bure. Rudi pale wanapokutana na Macbeth, hayuko peke yake, yuko na Banquo, mwenzake vitani, na wote wawili wanatabiriwa, huyu atakuwa mfalme, yule atazaa wafalme, na hakuna mchawi hata mmoja aliyesema ua mtu. Hilo la kumuua Mfalme Duncan limetoka kichwani mwa Macbeth mwenyewe. Banquo amesikia maneno yaleyale na hakushika kisu! Na usidhani wachawi walikuwa mapambo tu, mchezo uliandikwa kama 1606 na Mfalme James wa Uingereza alikuwa ameshatoa kitabu kizima kuhusu uchawi mwaka 1597, watu waliamini kabisa, na bado Shakespeare kisu akakiacha mkononi mwa mtu.

Kuhusu Iago, nenda mwisho kabisa. Othello ameshamuua mkewe Desdemona, ameshajua Iago alimdanganya kwamba mke ana mwingine, Iago analetwa mbele yake akiwa ameshikwa, na Othello anaangalia chini kwenye miguu yake. Anatafuta kwato za shetani! Sisi hapo hatuhitaji kuelezwa, zile stori za mrembo wa usiku kule Mombasa mwenye miguu ya punda tumekua nazo. Haoni kwato. Anamdunga na upanga, na Iago anamwambia natoka damu lakini sijafa. Ni mtu tu. Alinyimwa cheo kikaenda kwa mwenzake Cassio, akashuku bila ushahidi kwamba mkewe analala na Othello. Ni sababu ndogo sana kwa ubaya mkubwa hivyo, na hapo mkeo namwelewa, lakini mimi hiyo ndiyo inanitisha, manake watu walionyimwa cheo nawajua wengi.

Nalishikilia hili jambo kwa sababu huku kwetu shetani amebebeshwa kesi nyingi zisizo zake, mtu anakula pesa ya chama halafu ati shetani alimpitia. Na kule Kilifi wazee wameuawa wakiitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba unakuta kilichokuwa kinatafutwa ni shamba.

Ukipata nafasi soma Mabepari wa Venisi, ya Shakespeare pia, ile Nyerere alitafsiri ikatoka 1969, na umsomee mkeo pia. Humo Shylock, Myahudi mkopeshaji pesa, anaitwa shetani tena na tena. Angalieni wanaomwita hivyo ni akina nani, na nani alikuwa anamtemea mate kabla hajadai ile ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake.