Majibu kwa wasomaji: Msitu mmoja, serikali tatu

Mwezi huu wengi mmeuliza kuhusu kuunganisha misitu ya mvua ya nchi jirani. Nimechagua barua chache zilizonipa kazi. Zile za kunigombeza nimezisoma pia, msihofu.

*Shikamoo bibi. Mwalimu wetu wa jiografia anasema hifadhi ya msitu, hata iwe kubwa, haitoshi mpaka iungane na ya nchi jirani. Kama nchi ina msitu wake na wanyama wake, inapungukiwa nini? (Mwanafunzi wa kidato cha nne)*

Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu wako yuko sahihi, ila ameruka sehemu tamu. Karibu na Manaus, Brazil, wafugaji walikuwa wakifyeka msitu wa Amazon wapate malisho. Mwaka 1979 mwanabiolojia Thomas Lovejoy alianzisha utafiti hapo: vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 viliachwa vimesimama katikati ya nyasi, kisha watafiti wakawa wanarudi kuhesabu kilichobaki ndani.

Hata vile vya hekta 100 vilipoteza nusu ya aina za ndege wanaoishi chini ya miti, tena kabla ya miaka 15 kutimia. Waliotangulia kutoweka ni ndege wanaofuata misafara ya siafu na kudaka wadudu wanaotimuliwa. Kundi moja la siafu linawinda eneo kubwa, na halitembei kila siku. Siku likitulia, ndege lazima wapate kundi jingine la kulifuata. Kwenye kipande kidogo hilo jingine halipo.

Utaniuliza: ndege ana mabawa, kwa nini asirukie msitu mkubwa ulio ng'ambo ya malisho? Uwazi wa mita 80 tu uliwazuia wengi wao. Aliyezoea giza la chini ya miti hajitokezi juani. Lakini malisho yalipotelekezwa yakaota vichaka, baadhi walirudi. Hapo ndipo ninaposimama mimi: pengo kati ya misitu linastahili kuangaliwa kabla ya kujisifu kwa ukubwa wa hifadhi.

Sasa ingiza mipaka. Nchi nyingi zimegawanywa kwa migongo ya milima na mito, mahali pagumu kulima, na huko ndiko msitu wa mwisho ulikobaki. Kwenye volkano za Virunga mpaka wa Kongo, Rwanda na Uganda unapita juu ya vilele vyenyewe. Hesabu ya gorila wa milimani huko, iliyofanyika 2015 na 2016, ilikuta 604. Nchi zote tatu zilishiriki, kwa sababu kila moja ingehesabu upande wake kwa wakati wake, kundi lililovuka usiku lingeandikwa mara mbili, au lisiandikwe kabisa.

*Bibi, gorila akivuka mpaka anakuwa mali ya nani? Nauliza kwa sababu watalii wanalipa fedha nyingi kumwona. (Msomaji wa siku nyingi)*

Umeuliza bila kuzungukazunguka, nami napenda hivyo. Agosti 2019 kundi liitwalo Hirwa lilitoka Rwanda likaingia hifadhi ya Mgahinga, Uganda. Wakati huo kibali cha mtalii mgeni kuwaona gorila Rwanda kilikuwa dola 1,500, na Uganda dola 600. Kwa hiyo usifikiri wahasibu walikuwa wamelala. Gorila wenyewe walifuata chakula na nafasi.

Februari 2020 wanne kati yao walikutwa wamekufa Mgahinga, na radi ndiyo iliyodhaniwa kuwaua. Taarifa ilitolewa na chombo cha ushirikiano cha Virunga Kuu, ambacho nchi hizi tatu zilikiwekea mkataba mwaka 2015. Kama ingekuwa zamani, huenda upande mmoja ungeulaumu mwingine kwa uzembe na mwingine ungejibu kwa kiburi. Faida ya mkataba ninaipima hapo: habari mbaya ikitokea, kuna ofisi moja ya kuisema.

Na ujangili je? Kwa hilo tazama mto Sangha, zinapokutana Kamerun, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo Brazzaville. Hifadhi tatu, Lobéké, Dzanga-Ndoki na Nouabalé-Ndoki, zimepakana, na nchi hizo zilitia saini makubaliano Yaoundé mwaka 2000. Yaliruhusu doria za pamoja, jambo linaloonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba jangili akishavuka, askari wa upande huu humwangalia tu. Mwaka 2012 eneo lote likaingizwa kwenye Urithi wa Dunia.

Nisikudanganye, saini haizuii risasi. Mwaka mmoja baadaye, serikali ya Jamhuri ya Afrika ya Kati ilipopinduliwa, watu wenye silaha waliingia kwenye uwanda wa Dzanga, ambako tembo wa msituni hukusanyika kutafuta chumvi, wakaua tembo wasiopungua 26. Ulinzi wa pamoja una nguvu ya mshirika aliye dhaifu kuliko wote wakati huo.

*Mkiunganisha misitu, magonjwa nayo si yatapita? (Daktari wa mifugo)*

Yatapita, daktari. Ebola iliua maelfu ya gorila kuzunguka Lossi, Kongo Brazzaville, miaka ya 2002 na 2003, na haikuhitaji mtu wa kuifungulia njia. Hata hivyo sioni busara kuwatenga wanyama ili wafe polepole kwa kuzaana ndugu kwa ndugu. Kinachosaidia ni madaktari wa pande zote kupashana habari siku ileile, na watalii kukaa mbali. Anayekohoa abaki hotelini hata kama ameshalipa.

*Kati ya msitu wa Bwindi, Uganda, na Virunga kuna mashamba ya watu. Mnataka tuhame? (Mkulima)*

Mimi sitaki uhame, na ninayemsikia akitaka hivyo nampinga. Pengo hilo ni la kilomita 25 hivi, na kila kilima kinalimwa. Gorila 459 waliohesabiwa upande wa Bwindi mwaka 2018 hawakutani na wale wa Virunga. Ingependeza wakutane. Lakini Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Watwa walioutegemea msitu ule walifukuzwa, wengi bila kupewa hata kipande cha ardhi, na deni hilo halijalipwa. Sitasaini deni la pili kwa ajili ya mshale wa kijani uliochorwa kwenye ramani na mtu ofisini, unaoruka shamba lako kana kwamba ni karatasi tupu.

Ningetanguliza kulinda miunganiko ambayo bado ni mizima. Bwindi imegusana na hifadhi ndogo ya Sarambwe upande wa Kongo, na gorila huvuka hapo. Ikifyekwa, kuirudisha kutachukua miongo mingi na fedha ambazo hakuna atakayezitoa.

Kule Bonde la Kongo hatari kubwa ni barabara. Watafiti waliwavisha kola tembo wa msituni 28 wakafuatilia njia zao. Ni mmoja tu aliyevuka barabara iliyo nje ya hifadhi, naye alivuka akikimbia mara 14 ya mwendo wake wa kawaida. Tembo wale wanajua kwamba barabara ina bunduki. Wakikoma kuvuka, mbegu nazo hazivuki, na tembo hawa hubeba mbegu za matunda hadi kilomita 57 kabla ya kuziangusha pamoja na kinyesi. Msitu uliobaki kila upande utaendelea kuonekana wa kijani kwenye picha za setilaiti, huku miti inayomtegemea tembo ikizeeka bila vichipukizi mbali na mama zao.

Barabara nyingi za namna hiyo hufunguliwa na wakataji magogo, ambao wakimaliza huondoka, na nyuma yao huingia pikipiki za wanunuzi wa nyama ya porini. Kwa hiyo ukiombwa mchango, au ukiitwa kwenye mkutano wa kijiji kuhusu ushoroba, yaani njia ya wanyama kati ya misitu, uliza barabara ya magogo itafungwa lini, daraja lake litang'olewa na nani, na askari wa nchi jirani wanaijua tarehe hiyo au la. Wakikujibu kwa brosha, rudi shambani kwako.