Mbwa amebweka, tumechimba, hakuna mtu: kosa la nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkenya, huu ni mwaka wangu wa tisa Ujerumani, na ninajitolea katika kikosi cha uokoaji pamoja na mbwa wangu jike aina ya Labrador. Kwenye jaribio la kifusi alibweka mahali, tukaondoa vipande vya zege, hatukukuta mtu. Aliyejificha alikuwa mita tano hivi pembeni, chini ya ngazi. Wenzangu wanasema mbwa huyu hafai kupelekwa nje ya nchi. Ni kweli? Na tukiitwa, tuseme Uturuki, nimwandae vipi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kwa maelezo yako, mbwa hakukosea. Mbwa habweki alipo mtu. Hubweka pale harufu ya mtu inapotokea kwa nguvu. Hayo ni mambo mawili, na kazi ya kuyaunganisha ni yako, si yake.

Chukua ghorofa iliyoporomoka sakafu juu ya sakafu. Pumzi na jasho la aliyenaswa chini haviwezi kupenya bamba la zege, kwa hiyo vinatafuta njia: ufa, bomba la maji taka, shimo la lifti. Ngazi ndiyo hatari zaidi kwa kupotosha, maana hata ikivunjika hubaki kama mfereji wa hewa. Mchana jua likishapasha kifusi joto, hewa ya ndani hupanda, na harufu hutokea juu. Usiku hewa baridi huteremka, na harufu ileile hutambaa hadi ukingoni. Mbwa mmoja anaweza kubweka juu saa nane mchana, akabweka chini kabisa alfajiri, na mara zote mbili akawa sahihi.

Mimi mwenyewe sikuliamini hili mpaka nilipoonyeshwa. Kwenye kiwanja cha mazoezi tulimficha mwenzetu ndani ya kalvati, mdomo wa kalvati tukauziba kwa mawe. Mbwa wangu alinusa pale, akaondoka, akapanda juu, akaingiza pua kwenye tundu lililotokeza nondo, akabweka. Nikataka kumrudisha. Aliyekuwa akinifundisha akanishika mkono, akawasha kijiti cha udi na kukisogeza kwenye upenyo wa mawe. Moshi ulivutwa ndani taratibu, na baada ya muda tukaunusa ule udi juu, kwenye tundu la nondo. Tangu siku ile sipandi kifusi bila kichupa cha poda ya mtoto mfukoni. Ukikibinya kidogo, unaona hewa inaelekea wapi.

Sasa tuseme amebweka. Mtuze, mtoe, weka alama, andika saa na upepo unakotoka. Aletwe mbwa wa pili, na mwenye mbwa huyo asiambiwe wa kwanza alibweka wapi. Mbwa wote wawili wakionyesha sehemu moja au zinazokaribiana, ndipo uingie kwa vifaa vya kusikiliza na kamera nyembamba ya kupitisha kwenye tundu. Na hapa ndipo kikosi chenu kilipoteleza: kila bamba likiondolewa, watu washuke, hewa itulie dakika chache, mbwa arudishwe. Ukishafungua zege umebadilisha njia ya hewa. Ninyi mlichimba moja kwa moja, kisha lawama mkamtwika mnyama.

Kuhusu Uturuki, kumbuka tetemeko la kwanza la tarehe 6 Februari 2023 lilipiga saa kumi na dakika 17 alfajiri. Watu walikuwa wamelala. Kwa hiyo kabla ya kumwachia mbwa, tafuta mkalimani uwaulize jamaa vyumba vya kulala vilikuwa upande gani. Na kulikuwa na baridi kali, familia zimekaa kando ya kifusi zikiota moto. Moshi ukielekea kwenye kifusi unamsumbua mbwa, basi omba moto uhamishwe upande mwingine, lakini omba kwa upole. Hao wanawangoja watoto wao. Usiwaahidi kitu kwa sababu tu mbwa ametikisa mkia.

Sehemu ya kufanyia kazi hutachagua wewe. Timu za kigeni hujiandikisha kwenye kituo cha mapokezi, aghalabu uwanja wa ndege, kisha hupangiwa eneo kwa utaratibu wa INSARAG, mtandao wa uokoaji ulioanzishwa mwaka 1991 chini ya Umoja wa Mataifa. Zikariri ishara za honi: mlio mmoja mrefu ni kimya na kazi isimame, mitatu mifupi ni ondokeni wote. Mzoeshe mbwa wako milio hiyo ukiwa bado nyumbani.

Kwenye kifusi mvue kola na mkanda, kwa kuwa nondo zitamnasa. Viatu pia usimvike, kucha ndizo breki zake. Dakika 20 hadi 30 za kutafuta, kisha maji, mapumziko, na nyayo zikaguliwe kidole kwa kidole. Zikipita saa nyingi bila kumpata aliye hai, atapoa. Mfiche mwenzako mahali salama, amtafute, ampate, acheze. Usilione hili kuwa anasa. Kule Huruma, Nairobi, ghorofa lilipoporomoka mwaka 2016, kichanga alitolewa hai baada ya takriban saa 80, na mbwa aliyekata tamaa siku ya pili hawezi kukusaidia siku ya nne.

Jambo la mwisho ni la karatasi, na ndilo linalowakwamisha wengi wakati wa kurudi. Uturuki haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mbwa anaweza kuingia kutoka huko hadi Umoja wa Ulaya bila kipimo cha kingamwili za kichaa cha mbwa (Kenya vilevile haimo). Damu huchukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo, ikapimwa kwenye maabara iliyoidhinishwa, na matokeo yasiwe chini ya uniti za kimataifa 0.5 kwa mililita (0.5 IU/ml). Ukipima baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, mbwa hungoja miezi mitatu tangu damu ichukuliwe. Ukipima kabla, hakuna kungoja, na kipimo hakirudiwi maadamu chanjo za marudio hazijachelewa hata siku moja. Simu ya kuitwa huja usiku na ndege huondoka asubuhi, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, na usitoke pale mpaka ujue lini matokeo yataandikwa kwenye pasipoti yake.