Mama ana sukari na hataki mazoezi: msimwite mvivu

Ndugu, umeuliza ufanye nini na mamako, kila ukimwambia atoke atembee anajibu "mimi mgonjwa, niacheni nipumzike". Mimi pia nina sukari, aina ya pili, naishi hapa hapa Mombasa, na mamako simlaumu. Ukishajulikana una sukari, watoto wanakupokonya hata ndoo ya maji. Ukikonda kidogo, mtaa mzima unanong'ona una nini. Halafu daktari anasema fanya mazoezi, na mama wa makamo anawaza vijana wa jimu na nguo za kubana. Atakubali vipi?

Lakini kikubwa ni woga wa sukari kushuka njiani, na wengi hawautamki. Aliyewahi kutokwa na kijasho chembamba, mikono ikatetemeka na macho yakaingia kiza, hasahau. Kwa hivyo uliza kwanza anatumia dawa gani. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Insulini na glibenklamaidi ndizo za kuchunga: apime kabla ya kutoka, ikiwa chini ya 5 (mmol/L kwenye mashine) ale kitu kwanza, na mkobani asikose glukosi.

Mimi kilichoniamsha ni kipimo. Nilikula wali wa nazi, nikapima, nikateremka ufuoni Mama Ngina kutembea na upepo wa bahari, niliporudi nikapima tena: kutoka 12 hadi 9. Msuli ukifanya kazi hunyonya sukari kwenye damu hata kama insulini ya mwili imedhoofika. Maneno ya daktari nilikuwa nayasikia miaka, ila ile namba niliiona kwa macho yangu. Mpe mamako aione yake.

Atakwambia kazi za nyumbani zinamtosha. Kukuna nazi kwenye mbuzi ni kazi kweli, ila moyo hauendi mbio. Inayotakiwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka kidogo, na zinagawika: dakika kumi baada ya kila mlo, au baada ya alfajiri kabla jua halijachoma. Buibui halizuii kitu. Ndara ndizo zinazoumiza, maana nyayo zikifa ganzi kwa sukari mtu hukanyaga msumari asijue. Avae raba na soksi, na akirudi mkague nyayo.

Usimtume peke yake. Mwambie "mama, nisindikize". Kama ana kidonda mguuni, au kifua humbana akipanda ngazi, aonwe kliniki kabla hamjaanza.