Mtoto akishindikana, mtaa ufanye nini?

Barua nyingi za mwezi huu ni za vijana "walioshindikana". Nimechagua nne.

Kijana wangu ana miaka 15. Ameacha shule, anarudi usiku wa manane, nikimuuliza ananitukana. Majirani wanasema nimpeleke kwa chifu achapwe viboko mbele ya watu. – Mama, Kayole

Pole sana, mama. Usimpeleke. Kifungu cha 29 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, kwa hiyo chifu hana ruhusa ya kumchapa. Hata kama sheria hiyo isingekuwepo, bado ningekusihi usimpeleke. Kijana akiaibishwa mbele ya mtaa, hukimbilia kwa wale wasiomwaibisha, na hao ndio wanaokukosesha usingizi.

Jirani yangu hapa Kariobangi alipitia hayo hayo. Aliyemsaidia ni seremala wa pale kona. Kila jioni alimwita kijana amshikie futi kamba, kisha akampa msasa apige miguu ya stuli. Hakumhubiria hata siku moja. Wiki ya tatu, mikono imejaa vumbi la mbao na macho yakiwa chini kwenye stuli, kijana akasema mwenyewe: darasani wanamcheka kwa sababu hawezi kusoma kwa sauti. Mama yake alikuwa amemgombeza mwaka mzima bila kulijua hilo.

Mtafutie wako mtu mzima mmoja anayemheshimu, awe kinyozi, kocha au mjomba. Mwambie asimsute, amkalishe tu karibu. Nawe umwachie chakula mezani, hata akichelewa.

Wazee wa familia wanataka mtoto wa dada yangu apelekwe ushago "akanyooke". Unaonaje? – Mjomba, Umoja

Kwanza niambie, huko atapokelewa na nani? Kama kuna mtu anayempenda na nafasi ya shule, sawa, ila naye aulizwe. Kama ni nyanya aliyechoka, mnamtwika ajuza mzigo uliowashinda ninyi.

Tumemshika mtoto wa miaka 11 na mtungi wa gesi wa jirani. Watu walitaka kumpiga, tukamficha ndani. Tumpeleke polisi? – Kiongozi wa Nyumba Kumi, Huruma

Mungu awabariki kwa kumficha. Mji huu umezika watoto kwa sababu ya mtu mmoja kupiga kelele za "mwizi!"

Zamani mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri huo, na mtoto wa miaka 11 hashtakiwi kwa jinai. Mwiteni mzazi na afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Mtungi urudishwe na mtoto mwenyewe, mzazi akiwa kando yake, aombe msamaha mlangoni kwa mwenye mali. Kisha muulizeni kwa upole: ulitumwa na nani, na ungemuuzia nani? Mtoto wa umri huo hana soko la mitungi. Kuna mtu mzima nyuma yake, na huyo ndiye wa kuripotiwa kituoni.

Mimi ndiye kijana mbaya mnayemwandika. Nina miaka 17. Nataka kurudi shule lakini mwalimu aliniita takataka mbele ya darasa. – Dandora

Wewe si takataka, kijana wangu. Aliyekuita hivyo alikosea: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili na kisaikolojia pia. Usirudi peke yako. Nenda na mzazi au mzee wa mtaa, mwonane na mwalimu mkuu ofisini, si mbele ya wenzako. Kama kuna kosa ulilofanya, liseme wazi na uombe msamaha kwa hilo tu. Ukikosa wa kukusindikiza, piga 116, simu ya watoto. Haina malipo, usiku na mchana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Niandikie tena ukishapata dawati.