Daftari la madeni ndilo hufa kwanza

Swali la wiki lilikuwa: mfanyabiashara akiingia siasa, ni kipi huanza kuharibika, biashara yake au jina lake? Kwa mwenye duka wa Lamu, jawabu langu ni kwamba daftari la madeni huharibika kabla ya vyote viwili, na linaloliharibu ni msimu.

Wengi wakitafuta mfano humtaja Njenga Karume, aliyeanza kwa kuuza makaa, akamiliki hoteli, akafika hadi uwaziri wa ulinzi chini ya Mwai Kibaki. Mfano huo humpoteza mwenye duka. Hoteli huendeshwa na meneja hata mwenyewe akiwa Bungeni. Duka la Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, lina nguzo moja, naye ni mwenyewe: ndiye ajuaye nani wa kukopeshwa, kiasi gani, na hulipa lini.

Tazama kalenda. Uchaguzi wetu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Agosti ni kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini. Tangu Mei bahari huchafuka, vyombo havitoki kila siku, na mvuvi wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, huishi kwa kukopa mchele, unga, mafuta na nyuzi za nyavu mpaka kaskazi iingie na bahari itulie. Kwa hivyo daftari hunenepa katika miezi ile ile ya kampeni. Mwaka wa kawaida hilo halimtishi mtu, kwa kuwa kaskazi ikiingia madeni hulipwa.

Mwaka wa uchaguzi mambo hubadilika. Ukurasa wa daftari huwa hivi: mchele kilo 10, unga pakiti 6, mafuta lita 3, nyuzi bunda 1, jumla, jina, siku ya kulipa. Mgombea akishatangaza nia, mteja yule yule harudi na "niandikie". Huja na "Mheshimiwa, sisi ni wako". Hapo deni limeshageuka mchango. Ukimdai, umepoteza kura yake na za nyumba nzima. Usipomdai, jirani yake atakuwa na habari kabla ya Magharibi.

Wala kusamehe si njia salama. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumpa mpiga kura fedha au kitu ili akupigie, na deni lililofutwa wiki mbili kabla ya kura halina sura nyingine mbele ya mshindani anayetafuta ushahidi. Neno "amesamehewa" kwa mwandiko wako mwenyewe ni karatasi nzuri sana kwa wakili wa upande wa pili.

Tupige hesabu. Chukua duka linalouza shilingi 30,000 kwa siku, faida asilimia 10. Hiyo ni 3,000 kwa siku, kama 1,080,000 kwa mwaka. Nusu ya mauzo ikienda kwa deni kwa siku 90 za kusi, nje kuna shilingi 1,350,000. Ni zaidi ya faida ya mwaka mzima, na mwenye duka la jumla wa Mombasa, ambaye shehena yake imeshashushwa Mokowe na kuvuka kwa boti, hajui habari za kampeni. Anataka pesa zake.

Dawa huanza mapema, angalau kaskazi iliyotangulia uchaguzi, watu wakiwa na pesa mkononi. Kusanya madeni yote ya zamani kabla jina lako halijatajwa popote. Kisha funga daftari lile na ufungue jipya, lishikwe na mtu asiyegombea na asiyepanda jukwaani, mwenye kauli ya mwisho juu ya nani akopeshwe. Mwekee kikomo kwa kila nyumba na kikomo cha duka zima. Wewe usiguse kalamu. Mteja akikufuata barazani, mrudishe dukani, hata kama ni binamu. Hapa ndipo wengi huanguka: hutoa ruhusa moja tu, ya msiba, kisha kila jambo huwa msiba.

Pesa za kampeni nazo ziwe na akaunti yake. Droo ya duka ikiwa ndiyo mfuko wa jezi za timu na mikeka ya madrasa, baada ya mwezi hakuna ajuaye duka lina faida au hasara. Mafuta ya boti pekee yanatosha kulitoboa. Mashine ya nguvu farasi 40 ikienda mbio hula lita 15 na zaidi kwa saa, na Kizingitini ni zaidi ya saa moja kwenda tu. Ukichelewa mkutanoni, maji yakatoka, Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki: ama ulale na watu wako wote uwalishe, ama uzunguke nje baharini na kusi hii, jambo ambalo nahodha mwenye akili atakukatalia.

Kwa karatasi, anayetaka uwakilishi wa wadi bila chama anahitaji wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo hiyo, naye awe si mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi. Akague mapema. Mwaka 2021 Wakenya wengi walikuta majina yao kwenye vyama wasivyovijua, na ukigundua hilo Juni umeshachelewa. Ada ya tume ya uchaguzi, IEBC, mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na aliyetangazwa mufilisi hana ruhusa ya kugombea, kwa hiyo mkopo wa benki uliouwekea sahihi yako binafsi unaweza kukufungia mlango wa duka na wa bunge la kaunti pamoja.

Ukishinda, jua kwamba serikali si mteja wako tena: sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inakataza taasisi ya umma kufanya mkataba na afisa wa umma. Aliyekuwa akiiuzia kaunti saruji atafute soko jingine kabla ya kuapishwa.

Ukishindwa, una siku 28 za kupeleka kesi, na dhamana ya gharama kwa kiti cha wadi ni shilingi 100,000, mbali na wakili. Siku hizo zinaishia Septemba, wakati wa kuagiza nyuzi, ndoana na kamba za kaskazi. Pesa ni zile zile. Mimi ningeagiza nyuzi.