Kabla hujakubali lumbesa, weka gunia kwenye mzani

Wakulima wenzangu wa viazi, hasa mnaolima Isyonje, Umalila na kule Makete, leo naomba tuzungumze kuhusu lumbesa. Mitaani watu hulitumia neno hili kwa chochote kilichojazwa kupita kiasi. Shambani maana yake ni moja: gunia limejaa, kisha limeongezewa kichwa kwa kipande cha gunia jingine au wavu, likashonwa kwa kamba mpaka likafika kilo 120, 130, hata zaidi ya 150. Likishafika barabarani linahesabiwa gunia moja.

Siku hizi kuna lumbesa isiyo na kichwa. Mnunuzi anakuja na magunia yake marefu, ukiyatazama yameshonwa vizuri, huoni kilemba chochote. Hiyo nayo ni lumbesa. Sheria ya Vipimo ya Tanzania inataka mazao yauzwe kwa uzito, na kikomo cha gunia ni kilo 100, liwe na kichwa au lisiwe nacho.

Hebu piga hesabu. Tuseme kilo ni shilingi 700, na mmepatana gunia shilingi 70,000. Gunia likiwa na kilo 130, umetoa kilo 30 bure. Kwa magunia 20 ni kilo 600, yaani shilingi 420,000. Hiyo ni ada ya mtoto, ni mbolea ya msimu unaofuata. Mnunuzi naye anafaidi mara ya pili na ya tatu, maana ushuru na nauli ya lori mara nyingi hutozwa kwa gunia. Ndiyo sababu hachoki kuibembeleza.

Ninachofanya mimi, na ninachokushauri, ni kupatana bei ya kilo kabla jembe halijaingia ardhini. Viazi vikishachimbwa na kurundikwa huku mvua inanyemelea, huna tena nguvu ya kubishana. Kata majani, acha viazi ardhini kama wiki mbili ngozi ikomae. Kiazi kilichokomaa ngozi kinavumilia kusubiri mnunuzi mwingine. Kile kinachochubuka kwa kidole kitakulazimisha kuuza kwa yeyote aliyesimamisha gari.

Mzani uwe wenu. Nunueni kwa kuchanga, watu watano au kumi wa kitongoji kimoja, na uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika. Mkitaka kuujaribu wenyewe, upimieni mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Usikubali ule mzani unaoshuka na lori pamoja na wapakiaji. Na kila gunia likipimwa, andika uzito kwenye daftari papo hapo, mnunuzi akiona.

Najua jibu litakalokuja: "Mama, ukikataa tunakwenda kijiji cha jirani." Ni kweli wataenda, nimeshaachwa na lori namna hiyo. Kwa hiyo mkulima mmoja mmoja hawezi hili jambo. Zungumzeni na kijiji cha jirani mapema, kabla ya msimu, na serikali za vijiji zote mbili zisimamie msimamo mmoja. Hapo lori halina pa kukimbilia.

Kuna wengine tunaowasahau, nao ni vijana wanaobeba. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa nguvu zake. Kwetu kijana anapandishiwa mgongoni gunia la kilo 130, anapita matuta yenye utelezi hadi barabarani, na analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Mimi sasa nafunga viroba vya kilo 50. Kamba na viroba vinaongezeka gharama kidogo, lakini viazi vya chini havipondeki, na kijana wangu anapanda lori akiwa amenyooka mgongo.